Kila Mpira na Mafuta Yake



Ukinunua filta ya oili, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, igeuze mkononi uitazame kabla fundi hajaifunga. Kwenye filta nyingi, ubavuni au juu ya boksi, utaona vipicha vimepangwa mfululizo. Kimoja kinaonyesha kidole kikipaka oili kwenye mpira wa duara ulioko mdomoni mwa filta. Kinachofuata kinaonyesha mkono ukiizungusha filta, na mara nyingi pembeni pameandikwa robo tatu ya mzunguko. Wengi wetu tunalitupa boksi bila kuvisoma vipicha hivyo. Nakuomba leo tuvisome pamoja, kwa sababu vinachofundisha hakihusu filta peke yake. Kinahusu pia gasketi, oringi na sili nyingine zilizomo ndani ya gari lako.

Jambo lenyewe ni hili. Mpira unaozungushwa au kuteleza juu ya chuma wakati wa kufungwa hautaki kuwa mkavu. Unataka kulainishwa kwanza. Lakini kila mpira una mafuta yake, na ukiupaka yasiyo yake utauharibu, hata ukiwa mpya, wa bei ghali, umetoka kwenye pakiti dakika hiyo hiyo. Na iko mipira ambayo ikiharibika gari huchafua sakafu ya gereji tu. Iko mingine ambayo ikiharibika gari halisimami.

Tuanze na filta, maana hiyo karibu kila mwenye gari anaijua.

Mpira mkavu hautelezi juu ya chuma. Unashika, unaachia, unashika tena. Fundi anapoizungusha filta ambayo mpira wake haujapakwa kitu, filta inakwenda na mpira unabaki nyuma. Unavutika upande mmoja na kujikunja upande wa pili. Mkononi fundi anahisi ugumu, anaamini filta imekaza. Kumbe ugumu ule ni wa mpira uliokwama, na filta yenyewe bado haijakaa mahali pake. Gari linawashwa, pampu inaisukuma oili kwa nguvu, na oili inapata upenyo pale pale mpira ulipojikunja. Wakati mwingine haivuji siku hiyo. Inakuja kuvuja baadaye, injini ikishapata moto na kupoa mara nyingi, na mwenye gari hakumbuki tena kwamba chanzo ni siku ile ya sevisi.

Iko pia shida ya pili. Mpira uliofungwa mkavu huganda kwenye chuma kwa joto. Siku ya kubadilisha oili, filta inakataa kufunguka. Fundi anaibana, anaiponda, pengine anaitoboa kwa bisibisi ili apate pa kushikia. Hatimaye filta inatoka, lakini mpira wake unabaki umeng'ang'ania kwenye injini. Pale pana giza na oili, mpira nao ni mweusi, hauonekani kirahisi. Filta mpya inafungwa juu yake. Sasa iko mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, na mipira miwili iliyolowa oili haitulii. Presha inausukuma mmoja nje, na oili yote ya injini inaweza kumwagika barabarani ndani ya dakika chache. Taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi na dereva asizime injini papo hapo, bearingi za kranki zinasagika. Injini nzima inaharibika kwa ajili ya mpira mmoja uliosahauliwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kazi nzuri ya filta inakwenda hivi. Filta ya zamani ikitoka, igeuzwe ionekane kama mpira wake umo. Uso wa injini upanguswe kwa kitambaa safi. Kidole kichovywe kwenye oili mpya, si ile iliyomwagwa kwenye beseni, kwa sababu oili chafu ina masizi na chembe za chuma ambazo zitakaa chini ya mpira. Mpira upakwe utando mwembamba, mzunguko wote. Kisha filta izungushwe kwa mkono mpaka mpira uguse chuma, na kutoka hapo iongezwe robo tatu ya mzunguko, au kiasi kilichoandikwa kwenye filta yenyewe. Injini iwashwe, fundi atazame chini, na baada ya kuzima kipimo cha oili kisomwe upya. Kazi yote hiyo haiongezi hata dakika tano.

Sasa tujiulize: mpira unazuiaje oili? Ukilielewa hili, mengine yote yatafuata.

Uso wa chuma, hata ukiwa laini kiasi gani mkononi, una mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Vyuma viwili vikikutana vinaacha njia, na oili, petroli au maji yenye presha yatapita. Mpira ukiminywa kati ya vyuma hivyo unayajaza mabonde hayo. Zaidi ya hapo, mpira unasukuma kurudi. Unataka kurejea umbo lake la mwanzo, na ule msukumo wake ndio mzibo wenyewe. Mpira usiosukuma tena, uliobaki bapa, umekufa hata kama haujapasuka.

Oringi, ile pete nyembamba ya mpira, inafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Aliyeipatia hati miliki nchini Marekani ni Niels Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi miaka mingi kwenye breki za hewa. Aliomba hati hiyo mwaka 1937 na kuipata mwaka 1939. Alichokitambua ni kwamba pete ya mpira ikikaa kwenye mfereji uliopimwa vizuri, presha yenyewe inaisukuma pete upande mmoja wa mfereji na kuikaza zaidi. Presha ikiongezeka, mzibo nao unaongezeka. Lakini yote hayo yanategemea pete iingie mahali pake ikiwa nzima na imenyooka. Ikiingizwa kavu, sehemu moja inateleza na nyingine inakwama, pete inajisokota, au ukingo wa chuma unaichana. Nje huoni kitu. Ndani iko imepasuka.

Fikiria oringi za injekta za petroli. Injekta inachomekwa kwenye bomba lenye petroli ya presha, juu ya injini yenye moto. Oringi ikichanika wakati wa kuchomeka, petroli inarukia chuma cha moto. Fundi mwenye uzoefu hawezi kuchomeka injekta bila kuigusisha oringi yake tone la mafuta mepesi safi, kisha akaizungusha kwa vidole kuona kama inazunguka kwa ulaini. Ikigoma, anaitoa na kuitazama upya. Vivyo hivyo kwenye filta ya dizeli: mpira wake unapakwa dizeli safi au oili safi, kwa sababu hayo ndiyo utakayoishi nayo.

Neno hilo, utakayoishi nayo, ndilo ninalotaka ulikumbuke leo. Kanuni ya kwanza ya kulainisha mpira ni kuuliza: mpira huu ukishafungwa, utaishi na majimaji gani? Ukijua, mara nyingi umeshajua na cha kuupaka.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mipira ya gari, ingawa karibu yote ni myeusi, si kitu kimoja. Mpira wa asili unatokana na utomvu wa mti. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika utomvu huo na salfa unapata mpira usioyeyuka kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, na mwaka 1844 akapata hati miliki yake. Mpira huo wa asili una nguvu na unyumbufu wa kusifiwa, lakini haustahimili mafuta ya petroli. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 wakemia wa Ujerumani walitengeneza nitraili, mpira wa kiwandani unaovumilia oili na petroli. Huo ndio utakaoukuta kwenye gasketi nyingi za filta. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ikaanza kuuza Viton, inayovumilia oili kwenye joto linalokaribia nyuzi 200, na mipira ya jamii hiyo hutumika ndani ya injini ambako nitraili ingeungua. Miaka ya 1960 ukaja mpira uitwao EPDM. Huo unavumilia maji ya moto, mvuke, jua na mafuta ya breki, lakini haupatani hata kidogo na oili wala grisi ya petroli.

Hapo ndipo penye hatari. EPDM na nitraili ukivishika mkononi huwezi kuvitofautisha. Kimoja kinahitaji oili, kingine kinauawa na oili ile ile. Mpira wa EPDM ukikutana na oili ya injini unaifyonza, unavimba na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Na EPDM iko wapi kwenye gari? Msikilizaji, iko kwenye breki.

Naomba usikilize sehemu hii kwa makini zaidi. Breki za gari dogo zinaendeshwa na mafuta ya breki. Yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 hayatokani na oili ya petroli. Ni kemikali za jamii ya glaikoli, na mipira iliyomo ndani ya mfumo huo imechaguliwa ipatane nayo. Oili ya injini, dizeli, petroli na grisi ya bearingi havina ruhusa ya kuingia humo, hata tone.

Tazama kalipa inavyofanya kazi. Ndani yake kuna pistoni, na kuizunguka pistoni kuna sili ya mpira iliyokatwa pembe nne. Ukikanyaga breki, mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma pedi, pedi inaibana diski. Ile sili inaishikilia pistoni na kupinda nayo kidogo. Ukiachia pedali, mpira unarudi kwenye umbo lake na kuivuta pistoni nyuma, umbali mdogo usiofika hata milimita moja. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Ni unyumbufu wa mpira ule peke yake unaoiachia diski izunguke huru.

Sasa fundi amefungua kalipa kubadilisha sili. Pistoni inakataa kuingia kwa sababu mpira ni mkavu. Ananyoosha mkono, anachukua kilicho karibu, oili au grisi, anapaka, pistoni inaingia vizuri. Gari linatoka gereji likiwa na breki safi. Baada ya muda sili inaanza kuvimba. Haiirudishi tena pistoni. Pedi inabaki imeegemea diski, gurudumu linapata moto, mafuta ya breki nayo yanapata moto. DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya kufika nyuzi 205, na DOT 4 nyuzi 230. Yakishafyonza unyevu wa hewani, viwango hivyo vinashuka hadi 140 na 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika. Dereva anayeteremka Kitonga kule Iringa, au Sachangwan kule Bonde la Ufa, anakanyaga pedali inayozama mpaka sakafuni, na gari linaendelea kushuka.

Cha kupaka kipo, na si kigumu kupatikana. Sili za ndani ya breki hupakwa mafuta safi ya breki, yale yale yatakayojazwa, kutoka kwenye chupa ambayo muhuri wake umefunguliwa muda huo. Iko pia grisi maalumu ya mipira ya breki, mara nyingi nyekundu, iliyotengenezwa kwa mafuta yasiyo ya petroli. Zile pini ambazo kalipa hutelezea juu yake, zenye vifuniko vya mpira, hupakwa grisi ya silikoni au grisi iliyoandikwa kwamba ni ya breki. Zikipakwa grisi ya bearingi, vifuniko na mipira yake huvimba, kalipa inakwama, na pedi moja inaisha mapema kuliko mwenzake. Ukiona pedi za gurudumu moja zimelika kwa tofauti kubwa, muulize fundi habari za pini.

Na iko dalili moja unayoweza kuiona mwenyewe. Fungua kifuniko cha kitangi cha mafuta ya breki, utazame mpira wa ndani ya kifuniko. Ukiwa umevimba, umejikunja na haurudi mahali pake, huenda kuna oili iliyoingia humo. Gari hilo lisiendeshwe. Haitoshi kumwaga mafuta na kujaza mengine. Mabomba yanatakiwa yasafishwe na mipira yote iliyoguswa na mafuta yale ibadilishwe, kuanzia masta silinda mpaka magurudumuni. Ni gharama kubwa, na mara nyingi chanzo chake ni chupa moja iliyochanganywa na nyingine.

Tukitoka kwenye breki twende kwenye radieta. Hozi za maji katika magari mengi ya sasa nazo ni EPDM. Hozi mpya huwa ngumu kuvaa kwenye mdomo wa radieta, na wapo wanaoipaka oili ili iteleze. Itateleza, ni kweli. Lakini oili inabaki pale pale palipofungwa klipu, mpira unalainika, na siku moja hozi inachomoka maji yakiwa ya moto. Hozi ilowanishwe kwa maji safi au kwa kulanti yenyewe, yaani kimiminika cha kupoza injini. Inateleza vya kutosha, na ikikauka inashika. Mpira wa themostati nao ni hivyo hivyo: kulanti kidogo, basi.

Oili sili zina hadithi yake. Hizi ndizo zinazozuia oili isitoke pale mhimili unapozunguka: mbele na nyuma ya kranki, kwenye gia, kwenye magurudumu. Sili ina mdomo mwembamba wa mpira unaouegemea mhimili, na nyuma ya mdomo huo kuna springi ndogo ya duara inayoubana. Katika mwendo wa safari, kranki inaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika chini ya mdomo ule. Kinachouokoa usiungue ni utando mwembamba sana wa oili. Gari likiwashwa mara ya kwanza baada ya matengenezo, oili bado haijafika pale. Sili iliyofungwa kavu inasuguana na chuma kitupu, na sekunde chache zinatosha kuuchoma ukingo wake. Ndiyo maana sili mpya huvuja, mwenye gari akalalamika kwamba ameuziwa spea feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Wakati mwingine iliuawa siku ilipofungwa.

Fundi apake oili safi ya injini au ya gia, kulingana na sili iko wapi, kwenye mdomo na kwenye mhimili. Aupangushe mhimili kwanza na kuupapasa kwa ukucha kama umechimbika. Pale penye meno au ncha kali, afunike kwa tepe ili mdomo usichanike wakati wa kupita. Kisha aisukume sili iingie sawasawa kuzunguka pande zote, isiende upande.

Mipira inayoishi na hewa na jua nayo ina mahitaji yake. Mipira ya milango, ya boneti na ya buti inapokauka, vumbi la barabara linaingia, na masika yakifika zulia linalowa na kuanza kunuka. Mingi ya mipira hii ni EPDM ya sponji, kwa hiyo mafuta ya mgando tunayojipaka mwilini hayaifai, kwa kuwa nayo yanatokana na petroli. Ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, iache ikauke, kisha pitisha kitambaa chenye silikoni ya kupuliza. Puliza kwenye kitambaa, usipulize hovyo garini. Silikoni ikifika kwenye diski ya breki, kwenye pedali au kwenye usukani, umetengeneza utelezi mahali pasipotakiwa. Na ikiwa mpira wenyewe ni wa silikoni, usiupake mafuta ya silikoni. Unaweza kuyafyonza ukavimba.

Bushi na mauntini za injini nyingi ni mpira wa asili. Zikilia, wapo wanaozimwagia oili chafu, na kelele inanyamaza kweli kwa siku kadhaa. Lakini oili ile inaula mpira. Wakati wa kuziingiza bushi, maji ya sabuni yanatosha. Zikishakaa, ziachwe. Na wewe unayepeleka gari kuoshwa, mkataze mwoshaji asipulize dizeli au mafuta ya taa kwenye injini ili ing'ae. Mng'ao ule unapita juu ya hozi, mauntini na bushi zako zote.

Baada ya kusema hayo yote, lazima niseme pia kwamba ziko gasketi zisizotakiwa kupakwa mafuta. Gasketi ya silinda hedi, kwa kawaida, hufungwa kavu, juu ya nyuso safi zisizo na oili wala mabaki ya gasketi ya zamani. Gasketi ya mpira ya kifuniko cha valvu nayo mara nyingi hukaa kavu kwenye mfereji wake, na gundi ya silikoni kidogo kwenye kona pale mtengenezaji alipoagiza. Hizi hazizungushwi wala hazitelezi wakati wa kufungwa, zinaminywa tu kwenda chini, kwa hiyo kuzipaka oili kunaziondoa mahali pake. Na gundi hiyo ya silikoni isichanganywe na grisi ya silikoni, ingawa zote hukaa kwenye tyubu. Gundi hukauka ikawa mpira. Ikipakwa kwa wingi, inachuruzika kwa ndani, vipande vinakatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili chini ya injini. Kidogo kinatosha.

Liko jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Magari yetu mengi yanakuja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya inaruhusu gari lenye umri wa hadi miaka 8. Mnunuzi anatazama kilometa, anaona chache, anafurahi. Lakini mpira hauhesabu kilometa peke yake. Unazeeka kwa joto, kwa hewa na kwa miaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Gari la miaka 7 linaloteremshwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam leo lina mipira ya miaka 7, na mipira hiyo inaingia kwenye joto na vumbi letu. Mpira uliokwisha kukakamaa haufufuliwi na mafuta yoyote, hata chupa iandikwe ahadi gani. Unabadilishwa. Fedha uliyoiokoa bandarini, weka sehemu yake pembeni kwa ajili ya sili, hozi na mipira ya breki.

Na unapoinunua mipira hiyo, angalia ilikuwa imehifadhiwa wapi. Sili iliyotundikwa nje ya duka juani miezi na miezi imeanza kuzeeka kabla ya kufungwa. Jua na hewa ya ozoni huuchana mpira wa asili na nitraili. Ikunje kidogo kwa vidole uitazame. Ukiona nyufa ndogo ndogo, irudishe kwa muuzaji.

Msikilizaji, mafundi wetu wanafanya kazi katika mazingira magumu, wengi chini ya mwembe au kando ya barabara, na mteja amesimama juu yao akiwaharakisha na kuwakatia bei. Hatuwezi kumlaumu fundi kwa kupaka kilichopo ikiwa sisi wenye magari hatukumletea kinachotakiwa. Kwa hiyo sevisi ijayo, nenda na vitu vitatu: chupa ndogo ya mafuta ya breki ambayo muhuri wake haujavunjwa, tyubu ya grisi ya silikoni, na kitambaa safi. Mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba tuone mpira wa filta ya zamani umetoka." Akifungua breki, muulize, "Fundi, hapa tunapaka nini?" Fundi anayeijua kazi yake atalifurahia swali hilo, na atakueleza. Akikujibu kwamba grisi yoyote inafaa, mzuie kwa upole, umpe ulivyokuja navyo: mafuta ya breki kwa sili za ndani, grisi ya silikoni kwa pini.

Wewe fundi unayenisikiliza, tenga makopo yako. La mafuta ya breki lisiwahi kubeba oili, na la oili lisiwahi kubeba mafuta ya breki. Osha mikono kati ya injini na breki. Mfundishe kijana unayemlea asome pakiti ya spea kabla ya kuitupa. Watu wanaopanda magari yaliyopita mikononi mwako hawakujui kwa jina, lakini kila dereva anapokanyaga pedali anaitegemea kazi uliyoifanya mahali asipopaona. Kazi hiyo ni ya heshima kubwa, na inastahili kufanywa kwa mafuta yaliyo sahihi.